Betri Mikononi mwa Mdogo Wangu

Gari langu ni kuukuu, nalisema mwenyewe kabla hujanisemea. Limepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu, kiti cha nyuma nimekishona kwa cherehani yangu, na mlango wa abiria hufunguka kwa ndani tu, tena siku ukijisikia. Vioo vya pembeni vimechorwa namba za gari la mtu mwingine. Usinishangae. Hapa Dar tunachora namba za gari kwenye kila kioo na kila taa ili mwizi aone haya, mwizi haoni haya, anang'oa usiku, na asubuhi unakwenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kununua vya kwako mwenyewe. Mimi nilikwenda nikakuta vyangu vimeshauzwa, nikachukua vya mwenzangu. Ndiyo mji wetu. Lakini gari hilohilo ndilo linalobeba majora yangu ya vitenge kutoka Kariakoo mpaka kwenye fremu yangu ya duka Ilala, na anayelicheka namwambia alete lake tupime.

Kuna kipindi lilipata ugonjwa wa asubuhi. Nageuza ufunguo, linasema "ti", linanyamaza. Nageuza tena, "ti". Nikanunua betri mpya kwa hasira, likaendelea na "ti" yake. Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, fundi wa mafriji palepale Ilala, akaja akafungua boneti akacheka mpaka akashika kiuno. Vichwa vya waya za betri vilikuwa vimeota uchafu mweupe wenye ukijani, umetuna kama donge la chumvi, na waya yenyewe ukiiminya inatoa unga. Akasema betri haina kosa lolote, umeme upo ila njia yake imeoza, na la kuvunda halina ubani. Tubadilishe waya zote mbili, nyekundu na nyeusi. Nikasema sawa, nitanunua. Nani mji huu anatengeneza kitu kabla hakijamzimikia njiani?

Likanizimikia Kariakoo, asubuhi, jua limeshakaza, mbele ya duka la mashuka. Mwenye duka, mzee wa kofia ya viua, akatoka kulalamika kwamba nimemzibia biashara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shingo upande, nikamwambia mzee wangu, gari limezima, sikulileta hapa kwa kupenda sura ya duka lako. Akacheka kidogo. Nikampigia simu mdogo wangu, akaja na bodaboda, mfuko wake wa spana begani, naye akamwamkia yule mzee, wakasemezana mawili matatu juu ya joto. Nayasema haya ili ujue kwamba mzee alituona. Alimwona mdogo wangu akifungua boneti mimi nikiwa nimesimama pembeni, ufunguo kidoleni, ninamfokea afanye haraka.

Alifungua waya nyeusi kwanza, halafu nyekundu, mpaka chini kwenye starta, huku akinieleza kwa nini inatangulia nyeusi. Mimi sikuwa nasikiliza. Akanipa zile waya mbovu niende nazo madukani kama mfano, maana ukienda mikono mitupu utauziwa waya fupi na hutarudishiwa kitu. Yeye alisema atasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi. Magadi alikuwa nayo mfukoni, maji ya moto angeomba kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Mdogo wangu ni mpole, hasemi sana, lakini akili anazo. Aliwaza hivi: nikivuka barabara nikaiacha betri mpya kwenye gari lililo wazi, Kariakoo hii, nitaikuta? Ng'o. Hapa ukiweka kitu chini ufunge kamba ya kiatu, ukiinuka umebaki na kamba. Kwa hiyo akaibeba. Akaikumbatia kifuani akaanza kuvuka nayo.

Yaliyofuata nimeyajua baadaye. Mtu mmoja, hakuna anayemjua mpaka leo, aliona gari limeachwa boneti wazi na mwanamume anaondoka na betri mikononi. Akapaza sauti: mwizi wa betri. Na mdogo wangu, maskini wa Mungu, aliposikia mwizi wa betri, akajua kuna mtu yuko kwenye gari letu. Akageuka akakimbia kulifuata gari. Alikimbia kwenda kumkamata mwizi, na betri ameikumbatia.

Mtu anayekimbia na betri Kariakoo hahitaji mashahidi.

Mimi nilikuwa narudi, waya mpya nimezikunja begani, nimeridhika kwa kuwa nimebishana na muuzaji nikamshinda. Nikaona watu wanakimbia. Wamachinga wanaruka bidhaa za wenzao, wabeba mizigo wanatupa mizigo, vijana wametoa simu juu kurekodi. Tusidanganyane, watu humkimbilia mwizi kwa furaha, wanakwenda kama wameitwa harusini. Nikasonya. Hasira yangu yote ilikuwa kwamba wamenizibia gari langu. Mkuki kwa nguruwe.

Kisha nikaona spana. Zilikuwa zimemwagika barabarani, watu wanainama wanachagua, mmoja ananyooshea jua spana yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli. Mpira ule niliukata mimi, kwa mkasi wangu wa kitambaa, na nikalalamika siku nzima kwamba umeharibu makali. Ndipo nilipotazama katikati ya miguu ya watu nikaona ni nani yuko chini.

Alikuwa amekaa, hakulala, kwa sababu jibaba moja la fulana nyekundu lilikuwa limemkwida ukosi wa shati kwa nyuma, limemnyanyua apigwe vizuri. Walimpiga kwa zamu. Mwingine ngumi, mwingine teke la mbavu, mwingine kipande cha tofali mdomoni. Taya lilikuwa limekwenda upande. Jicho moja halionekani. Kijana mmoja, mwembamba, miwani usoni, mtoto wa watu kabisa, alikuwa anaukanyaga mkono wa kulia juu ya lami, kisigino kwa kisigino, anasema huu ndio uliobeba. Nikasikia vidole. Sijui kama umewahi kusikia vidole vya mtu wako vikivunjika. Mimi nimevisikia, na hata sasa sikai karibu na mtu anayetafuna mifupa ya kuku.

Sikuomba njia. Waya ya betri ni nzito, ina kichwa cha madini ya risasi, na mimi nilikuwa nazo mbili mpya. Nikaanza kuchapa. Nilichapa migongo, nilichapa shingo, nilichapa mtu ambaye labda alikuwa anapita tu na samahani yake sina. Jibaba la fulana nyekundu nililipata juu ya jicho, ngozi ikafunguka, damu ikamshuka mpaka kwenye meno. Nilitaka kumuua. Nasema wazi, kama ile waya ingekuwa panga, leo hadithi hii ingekuwa ya mahakamani.

Wakanizidi. Ngumi ya sikio ikanipeleka kwenye bodi ya gari, mtandio ukaenda, mtu akanishika nywele. Nikawaambia huyu ni mdogo wangu, gari ni langu, betri ni yangu, kaeni mbali na mtoto wa mama yangu. Niliyasema mengine pia ambayo mama yangu asingependa. Wachache wakasita. Mtu mzima mmoja akasema subirini, tumsikilize mama. Na nadhani tungepona hapo, kama si kijana wa miwani. Aliinamia kioo cha pembeni, akakifuta vumbi kwa kidole, akasoma namba zilizochorwa. Akazunguka mbele, akasoma namba za kibao.

"Namba za kioo na namba za gari ni mbili tofauti," akasema. "Gari lenyewe la wizi. Huyu mama ndiye bosi wake."

Watu wakaguna. Nikawaeleza kuhusu Gerezani, na nusu ya wale watu, nakuapia, magari ya ndugu zao yana vioo vya Gerezani. Hakuna aliyetaka kusikia. Nikatoa ufunguo, wakasema ufunguo malaya, unawasha gari lolote. Kadi ya gari iko nyumbani kabatini. Nani anatembea na kadi? Mtu akaja anavingirisha taili kuukuu kutoka nyuma ya kibanda, wakalipitisha shingoni kwa mdogo wangu kama wanamvalisha koti, likakwama kwenye mabega, wakalisukuma kwa miguu. Na dereva mmoja wa bodaboda akachuchumaa kando ya pikipiki yake, akachomoa mpira wa mafuta, akaanza kukinga petroli kwenye chupa ya maji. Hakuwa na haraka. Aliiinamisha chupa vizuri isimwagike.

Nikakumbuka mzee wa mashuka. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini yeye alikuwepo. Nikageuka, duka lilikuwa limeshafungwa, geti la chuma limevutwa chini. Nikalipiga kwa ngumi, nikalipiga kwa waya, nikamwambia mzee wangu toka useme neno moja tu, ulituona, tulikuamkia. Kwenye geti lile kuna tundu la kufuli. Nikaliona jicho lake. Likanitazama, kisha likaondoka.

Chupa ilikuwa imefika nusu.

Lile jibaba la fulana nyekundu, linajifuta damu niliyolitoa, likacheka. Likasema, "Kama gari ni yako, mama, iwashe tuone."

Ulikuwa mzaha. Mwizi naye anaweza kuwasha gari, ndiyo kazi yake. Mtoto mdogo angeliona hilo. Lakini umati hauna akili, una masikio tu, na neno likishatua limetua. Wengine wakadakia, ndiyo, iwashe, iwashe, na mimi nikaliparamia lile neno kwa mikono miwili. Nikasema naiwasha, na hakuna wa kumgusa mpaka niiwashe. Nikauliza betri yangu iko wapi. Ilikuwa imewekwa pembeni kama ushahidi, na mtu ameikalia. Nikamwondoa juu yake.

Sijawahi kufunga waya ya betri maishani mwangu. Mimi ni mtu wa vitambaa. Niliitumbukiza betri mahali pake, nikaziangalia zile waya mbili, nyekundu na nyeusi, na kichwa changu kikawa cheupe pe. Yale maelezo yote ya asubuhi yalikuwa yameingia huku yametokea kule. Nikamgeukia mdogo wangu, amekaa kwenye lami, taili mabegani, ameshikwa ukosi. Akafungua lile jicho moja. Mdomo haukuwa unafunga, maneno yalitoka na damu, lakini niliyasikia.

"Nyekundu kwanza, dada. Chini kwenye starta."

Starta iko ndani kabisa, chini ya mabomba. Nikaingiza mkono mpaka kwapani, chuma kikanichuna ngozi, nikapapasa, nikaipata ile nati. Spana hakuna, wamegawana. Nikasema nataka spana ya mdogo wangu yenye mpira, na yule aliyeiiba, mbele ya watu wanaochoma mwizi, akaninyooshea kwa adabu kabisa. Nikakaza. Nikaja juu, nikavalisha nyekundu kwenye betri, nikakaza. Nikachukua nyeusi, ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye betri. Jasho na damu vilikuwa vinanidondokea machoni, na nyuma yangu kijana mmoja anamuuliza mwenzake kama simu yake inarekodi vizuri.

Nikaingia ndani, nikageuza ufunguo.

"Ti."

Sauti iliyotoka kwa wale watu siwezi kuiandika. Nilisikia taili linaburuzwa. Nilisikia dereva wa bodaboda anasimama. Nikatoka garini bila kujua nakwenda wapi, na mdogo wangu, wanambana kooni, akatoa sauti kama ya mtu anayekoroma.

"Vichwa," akasema. "Vichafu. Kwangua."

Ni kweli. Maji ya moto hayakuwahi kufika. Ule uchafu mweupe ulikuwa bado umevisakama vichwa vya betri, na mimi nimefunga waya mpya juu ya uozo uleule. Nikafungua nyekundu, nikakwangua kwa meno ya ufunguo, nikakwangua kwa kucha. Ule unga unaunguza, unaingia kwenye michubuko kama pilipili. Nikakwangua mpaka risasi ikang'aa. Harufu ya petroli ilikuwa imeshafika puani kwangu, maana jamaa alikuwa amesimama karibu, chupa mkononi, anasubiri kama mtu anayesubiri zamu yake bombani. Nilitukana. Nililia. Nikamwambia Mungu maneno ambayo nitayajibu siku ya kiama, si leo. Nikakwangua na nyeusi, nikakaza zote, nikaingia.

Likawaka. Lilikohoa mara moja, likawaka, likanguruma kama jipya, nami nikalikanyagia mafuta mpaka moshi ukawafunika.

Na unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Wallahi. Wakasema aa, kumbe ni lake. Wakasema pole sana mama, pole fundi, shetani tu. Jibaba la fulana nyekundu likauachia ule ukosi na kumpangusa mdogo wangu vumbi mgongoni. Kijana wa miwani akaleta kiatu kimoja kilichokuwa kimerukia mbali, akakiweka mbele ya miguu yake, sawasawa, kama tunatoka msikitini. Wengine walikuwa wameshaondoka, biashara inawasubiri. Dereva wa bodaboda akachuchumaa tena kando ya pikipiki yake, akairudisha petroli kwenye tangi, taratibu, hakumwaga hata tone.

Geti la mzee likapanda. Akatoka na jagi la maji na taulo mpya kutoka dukani kwake, akasema mwanangu, mwaka fulani nilimtetea mtu, wakanivunjia duka lote. Nilimwelewa. Nakiri nilimwelewa, na bado niliyapiga yale maji yakaruka, jagi likavunjikia mlangoni kwake. Kumwelewa mtu hakuondoi hasira. Sijaingia lile duka tena, na sitaingia, hata agawe mashuka bure.

Nilimpakia kwa mlango wa dereva, kwa sababu ule wa abiria ulikataa hata siku ile. Hospitali walimfunga taya kwa waya, na mimi nilikaa pale nikazitazama zile waya nyembamba mdomoni mwake nikataka kurudi Kariakoo na panga. Jioni, nyumbani, nilichukua ile spana yenye mpira nikavipiga vile vioo vya pembeni, cha kulia na cha kushoto, mpaka majirani wakatoka nje. Waliniuliza kuna nini. Nikawaambia naua mbu.

Amepona, alhamdulillahi. Anakula. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, kwa hiyo friji zenye skrubu ndogo humpa mwenzake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo nalo huniudhi. Mtu uliyemsababishia hivi angalau akutukane. Tulivyokuwa wadogo alikuwa hivyohivyo, unampiga wewe halafu anakupooza yeye.

Juzi lile gari limenizimikia tena, karibu na Feri, nimetoka kununua samaki. Nikapiga simu kwa fundi mwingine, hakupokea. Nikapiga kwa mdogo wangu, nikijua nafanya vibaya. Akaja. Alisimama mbele ya boneti muda mrefu, anaangalia wanaotoka mnadani na ndoo zao, anaangalia madereva wa bajaji, anaangalia kila mtu mikono yake. Nikamwambia twende, tutalivuta kesho, nani kakuambia lazima liwake leo. Akatikisa kichwa. Akafungua boneti mwenyewe, akaweka mfuko wa spana katikati ya miguu yake, akaubana.

"Dada," akasema, "njoo unishike."

Nikamshika bega. Akasema siyo hapo. Akauchukua mkono wangu kwa ule mkono wake wa vidole visivyokunjika, akaupeleka nyuma ya shingo yake, akauweka juu ya ukosi wa shati.

"Hapa. Waone nimeshashikwa."

Mwanamume wa miaka arobaini na ushee. Nikamkwida ukosi mbele ya watu wote wa Feri, akainama kwenye injini akaanza kazi, na sikumwachia mpaka alipofunga boneti.